Aligonga

Pikapu ilipomwangukia Fundi, mkewe, Mama Pacha, alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye meza yake ya spea, akiosha kabureta kwa petroli na kubishana na mteja. Mteja alitaka apunguziwe. Mama Pacha alikuwa anamwambia kwamba anayetaka cha bure akaokote barabarani. Ndipo ukaja mshindo wa bati na chuma, halafu kimya kidogo, halafu sauti ya mwanamume akilia bila kumwonea haya mtu yeyote. Mama Pacha aliijua sauti ile. Aliiacha kabureta ikazama kwenye beseni, akakimbia na petroli ikimtiririka mikononi.

Yadi ya magari mabovu ilizungushiwa ukuta wa mabati, na ndani magari yalipangwa moja juu ya jingine. Yale yaliyosimama peke yake hayakuwa na magurudumu; yaliegemezwa juu ya rimu kuukuu. Kwa hiyo palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Kabla hujapanda gari, gonga bodi kwa spana mara tatu, kisha uite: "Yuko mtu?" Aliye chini akiitika, unangoja atoke. Asipoitika, unapanda na kufanya kazi yako. Mama Vyuma, mwenye yadi, alishawafukuza watu wazima wenye ndevu zao kwa kusahau kugonga.

Mama Pacha alimkuta Winchi ameinama, bega lake liko chini ya bampa, mishipa ya shingo imemtoka. Winchi ndiye aliyekuwa mbebaji wa yadi, mtu aliyeweza kukumbatia injini na kutembea nayo, na jina hilo la mashine ya kunyanyulia mizigo alilipatia hapo. "Mvuteni!" alikuwa anapiga kelele. "Nimeshika, mvuteni jamani!" Wanaume wawili wakamvuta Fundi kwa makwapa. Mguu wake wa kulia ulikuja nyuma, umegeukia upande usio wake, na suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Winchi alipoliachia gari, alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. "Shem, niligonga," akasema. "Haki ya nani, niligonga na nikaita. Kulikuwa kimya."

"Ungegonga angekuwa hivi?" Mama Pacha akamfokea.

"Aligonga," akasema Mama Vyuma kutoka kwenye kiti chake, kiti cha gari kilichowekwa juu ya matofali. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kufokea lori. "Nilikuwa nimekaa hapa. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako yanasikia hela tu, wewe mwanamke!"

Watu wakabana pumzi. Hakuna aliyekuwa akimwambia Mama Vyuma maneno ya namna hiyo na kesho akarudi kununua hata nati. Lakini Mama Vyuma alisimama tu, akautupa ufunguo kwa dereva wake. "Mpandisheni kwenye lori langu. Na huyu mkewe pia. Matusi atayamalizia njiani."

*

Hospitali waliupiga picha mguu, wakaitazama ile picha, kisha wakatazamana. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kutolala. Alimwambia Mama Pacha bila kuzunguka kwamba mfupa umesagika na damu haifiki chini. Mguu utakatwa jioni ile ile, juu ya goti, na kuchelewa ni kuukaribisha mwili mzima uoze.

"Fundi hulala chini ya magari," akasema Mama Pacha. "Atalalaje na mguu mmoja?"

"Kulala atalala, mama," akasema daktari kwa upole. "Kusimama ndiyo shida."

Hapo ndipo alipoingia Bondia, mdogo wake Mama Pacha, mbeba magunia ghalani. Aliitwa Bondia kwa sababu siku moja alipanda ulingoni mbele ya mtaa mzima, akaangushwa kabla hajatoa ngumi hata moja. Tangu siku ile alikuwa anamtafuta mtu wa kumlipizia aibu hiyo. Alisimama miguuni pa kitanda, akautazama mguu.

"Shemeji," akasema, "sitaki hadithi ndefu. Niambie neno moja tu. Winchi aligonga, hakugonga?"

Fundi aliitazama dari. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ilikuwa na weusi wa grisi. Alikawia kidogo, kukawia kwa mtu mwenye maumivu, walivyodhani.

"Hakugonga," akasema.

"Basi. Pumzika, shemeji." Bondia alimgusa bega, akatoka.

Mama Pacha alimwona akitoka, na aliujua ule mwendo wa mdogo wake, mabega mbele na kichwa chini. Hakumzuia. Tuseme ukweli: moyoni mwake alimwambia, nenda. Alitaka Winchi aumie. Mtu ambaye alikuwa anakula kwao kila anapowaletea mzigo, anawarusha pacha juu na kuwadaka, ati anapanda juu ya mume wa mtu kama anapanda ngazi ya kwao!

"Na aumie," akasema kwa sauti. "Na yeye avunjwe aone. Mungu amlaani na mkono wake."

"Usimlaani, Mama Pacha."

"Kwa nini nisimlaani? Wewe unakatwa mguu, yeye yuko yadi anakunywa chai!"

"Usimlaani," akasema Fundi, akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu wafike. Sindano zote zile alizivumilia. "Aligonga. Aligonga vizuri tu. Na akaita."

Mama Pacha alidhani homa imempanda kichwani. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, palikuwa baridi.

"Nilikuwa nimeshaifungua stata," akasema Fundi. "Iko kifuani, nimeikumbatia. Bolti zake ziko mdomoni, nimezibana kwa midomo. Akagonga. Ningeitika, angeinama kunitazama. Angeiona."

"Stata ya nani?"

"Unauliza ya nani, na gari ni la nani?"

Kila fundi hubana bolti kwa midomo akilala chini ya gari, maana mikono haitoshi. Mama Pacha alikuwa akimgombeza kila siku kwa tabia hiyo, kwamba ipo siku atameza. Sasa alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba Pacha, ulikuwa unaiba? Kwa Mama Vyuma?"

"Niliingia kununua springi ya breki, nikanunua. Nikaiona hiyo stata, mpya kabisa." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Unakumbuka nilipompeleka yule mteja wa gari jeupe? Tulipofika langoni, Mama Vyuma alilimwaga sanduku langu la spana chini. Akazichambua kwa kidole cha mguu, mbele ya mteja wangu. 'Hawa mafundi ni kupe,' akasema. 'Usipowapapasa wanatoka na yadi nzima.' Mteja akacheka. Unajua mimi nilifanya nini? Na mimi nikacheka. Miaka yote nimecheka. Anitukane, nacheka. Aniuzie kibovu, nacheka, narudisha kwa adabu, 'Shikamoo mama, kilikataa kidogo.' Ili kesho nipate spea. Mashavu yananiuma kwa kumchekea yule mama. Nikasema leo na mimi nitoke pale nacheka cha kwangu."

"Na mtu anapanda juu yako, unanyamaza."

"Rimu zilikuwa zimeshika. Siku zote zinashika."

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, walisema wahenga, ila hawakusema ukiwa mvunguni ufanyeje mwenye kitanda akija kukaa. Mama Pacha alitamani kumpiga kofi mgonjwa wake. Alitamani pia kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Usimwambie mtu," Fundi akamshika kiganja. "Mwizi wa spea mtaa ule unajua anafanywa nini. Na wewe ile meza yako nani ataisogelea? Tumekwisha. Nyamaza tu, litapita."

"Bondia kaenda wapi?" akauliza Mama Pacha.

Mumewe aliachia mkono wake. Akafumba macho.

*

Mama Pacha alipanda pikipiki ya kukodi, akampigia dereva kelele njia nzima. Kabla hawajafika alisikia vioo vikivunjika. Lango la yadi lilikuwa limelazwa chini na watu walikuwa wanapita juu yake.

Mafundi wa mtaa mzima walikuwamo. Msije mkadhani ni kwa ajili ya mguu wa Fundi. Mguu ulikuwa kisingizio, na Bondia ndiye aliyewasha kiberiti, lakini kuni zilikuwa zimekauka siku nyingi. Kila mmoja wao alishamwagiwa sanduku langoni pale. Kila mmoja alishaitwa kupe, alishauziwa gia boksi bovu na kuambiwa "ulichong'oa umenunua". Sasa walikuwa wanavunja vioo vya magari ambavyo kesho wangevihitaji wenyewe. Mmoja aliitoboa redieta kwa mtarimbo huku akilia kwa hasira, "Hii uliniuzia ikiwa inavuja! Ilikuwa inavuja, mama!"

Mama Vyuma alikuwa amepanda ngazi ya lori lake, chuma mkononi, damu inamtoka kwenye utosi na kumwingia jicho. Alikuwa anawatukana mmoja mmoja, kwa ubovu wa kazi zao. "Wewe hata plagi huwezi kufunga! Njoo! Njoo nikufunge mimi!" Jiwe lilimpata begani, akayumba, akaendelea kutukana.

Winchi hakukimbia. Angeweza, maana nyuma ya yadi palikuwa na tundu. Alibaki amesimama karibu na ile pikapu, mikono imening'inia, kama mtu anayengoja kuulizwa vizuri ili ajibu vizuri.

"Hukugonga!" Bondia alimpiga spana ya gurudumu mbavuni.

"Niligonga."

"Hukugonga!"

"Niligonga, ndugu yangu. Niliita."

Walikuwa wanne juu yake. Mmoja alimpiga kwa mnyororo wa kuvutia injini, ukamzunguka shingoni, wakamvuta mpaka akaanguka kifudifudi. Mwingine alimkanyaga mkono, ule mkono wa kubebea injini, akaugeuza kisigino juu yake kama anayezima sigara. Winchi aliinua uso, akasema tena kwamba aligonga, na Bondia akampiga spana kwenye taya. Mlio wa pigo hilo ulifika hadi langoni.

Na langoni alikuwa amesimama Mama Pacha. Semeni mtakalo, alisimama. Neno lilikuwa mdomoni, na nyuma ya neno aliona meza yake ikiwa tupu, pacha wanaitwa watoto wa mwizi, mumewe amelala na mguu mmoja na watu wanamfuata hadi hospitali. Akinyamaza, ni Winchi peke yake. Winchi hana mke, hana mtoto, hana hata jina la kwao wanalolijua. Alijiambia wataacha wenyewe. Wamechoka tayari. Pigo hili ndilo la mwisho. Hili sasa.

Halafu akagundua kwamba Winchi hasemi tena. Mdomo ulikuwa unafunguka upande mmoja tu na kutoa damu na mapovu, lakini alikuwa bado anajaribu. Alikuwa bado anataka kusema lile neno lake moja, na taya lilikataa.

Mama Pacha alijitupa. Alipita katikati ya wanaume, akamwangukia Winchi mgongoni, akainua mkono kujikinga. Spana ilikuwa imeshashuka. Alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu.

"Dada!" Bondia aliitupa spana. "Dada, unafanya nini? Toka hapo!"

"Aligonga!"

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yako! Alimsikia!" Alikuwa anapiga kelele na kulia pamoja. "Alikuwa chini anaiba stata! Ana bolti mdomoni! Aligongewa, akaitwa, akanyamaza!"

Wale waliokuwa karibu walinyamaza, halafu na wale wa mbali wakanyamaza kwa kuona wenzao wamenyamaza. Fundi mmoja mwenye kipara, aliyekuwa na ule mnyororo mkononi, alilala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya pikapu. Alipapasa. Akaivuta stata, imejaa damu upande mmoja na vumbi upande wa pili. Akaishika, asijue aiweke wapi.

Msidhani walitubu. Mwenye kipara alimtazama Winchi pale chini, akatazama mnyororo wake, na sura yake ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo. "Kwa hiyo mimi nimempiga mtu kwa ajili ya mwizi," akasema. "Mwizi anatufanya sisi wajinga." Akawageukia wenzake. "Yuko hospitali gani?"

"Twendeni," mwingine akaitikia. "Mguu mmoja amebakiza. Twende tukamsaidie na huo."

Walianza kwenda kweli, wakiwa na vyuma vyao. Mama Pacha alijaribu kusimama, mkono ukamrudisha chini.

"Nendeni!" ikasikika sauti ya Mama Vyuma. Alikuwa ameshuka kwenye lori, ameziba njia ya lango, anafuta jicho kwa kanga. "Atakayepita hapa kwenda hospitali, spea za yadi hii atazisikia kwenye redio. Yeye, na mwanawe, na mjukuu wake. Nendeni basi. Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyekuwa wa kwanza. Mwenye kipara aliitua stata chini polepole, kwa adabu kabisa, mbele ya miguu ya Mama Vyuma. Kisha wakatoka mmoja mmoja, na waliompita walisema "samahani, mama", hata wale waliokuwa wamempiga mawe. Njaa ni adabu kubwa. Bondia peke yake alibaki amekaa chini, anautazama mkono wa dada yake, na polisi walipokuja walimkuta hapo hapo.

*

Wodi ya wanaume ilikuwa na kitanda kimoja tu kilichobaki, na kilikuwa kando ya kitanda cha Fundi. Hospitali haiulizi nani kamfanya nani nini. Kwa hiyo Fundi alipozinduka bila mguu, alimkuta Winchi ubavuni, kichwa kimefungwa bandeji, taya limekazwa kwa waya, jicho moja limezibwa na vidole vya mkono mmoja vimefungwa vipande vya mbao. Katikati ya vitanda, kwenye kigoda, alikaa Mama Pacha, mkono wake ndani ya plasta ngumu.

"Umesema," akasema Fundi.

"Nimesema."

Fundi aligeuza uso. Hakuongea naye siku ile wala kesho yake.

Mama Vyuma alikuja akiwa amefungwa kitambaa kichwani. Alisimama kwa Winchi kwanza, akamshika nywele kidogo zilizochomoza kwenye bandeji, akamwambia kazi yake ipo, hata akirudi na mkono mmoja atakaa langoni. Halafu akamgeukia Fundi.

"Stata yako nimeiona," akasema. "Ni nzima. Haina hata mkwaruzo."

Fundi alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Ungeniomba."

"Ningekuomba," akasema Fundi, "ungenipa?"

Mama Vyuma alifikiri. Alifikiri kweli, kwa haki, kama anayepima chuma kwa mkono.

"Nisingekupa," akasema. "Lakini mguu ungekuwa nao." Akamtazama Mama Pacha. "Wewe njoo ukipona. Wewe mwenyewe. Vitu vyako utachukua kama zamani. Huyu asikanyage kwangu, hata kwa mguu wa mti."

Mama Pacha alisema asante. Alilisikia neno lenyewe likimtoka, dogo, la adabu, na alipotaka kusimama kumsindikiza aligundua kwamba alikuwa anatabasamu, tabasamu lile lile la mumewe la langoni. Mama Vyuma aliondoka.

Viatu vyake vilipokwisha kusikika, Fundi alicheka kidogo puani. "Umeona? Umeshaanza kumchekea."

"Watoto watakula nini?"

"Ungenyamaza tu, tungekula. Ningepona, ningesema nilikosea, tungeelewana nao. Wewe umeniua mbele ya mtaa mzima."

"Wangemwua, Baba Pacha. Nilikuwepo. Walikuwa wanamwua."

"Basi wangemwua!" Sauti yake ilipanda, wagonjwa wengine wakageuka. "Wangemwua, ndiyo! Yeye nani kwako? Mimi ni mume wako!"

Winchi alikuwa macho. Jicho lake moja lilitoka kwa Fundi, likatua kwa Mama Pacha, likabaki hapo. Hakuweza kusema kitu. Chozi lilimtoka likaingia kwenye bandeji, na koo lake likapanda na kushuka kama la mtu anayetaka maji.

Mama Pacha alisimama. Alikishika kigoda kwa mkono wake mzima, akakizungusha, akakiweka upande wa pili wa kitanda cha Winchi, akamwacha mumewe mbali. Akakaa. Akachukua kikombe na kijiko, akapenyeza maji kidogo kidogo kwenye nafasi ya meno, akangoja ameze ndipo aongeze.

"Mama Pacha," akaita Fundi baada ya muda, kwa sauti ndogo. "Na mimi nina kiu."

"Nimekusikia," akasema, na akajaza kijiko kingine cha Winchi.